Paa Ulilolibomoa Nikiwa Nzega

Kwihara, Alhamisi alasiri

Maganga,

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliisikia. Sikuitikia kwa makusudi, usidhani masikio yamezeeka. Ukafunga kamba za viatu, ukasema unakwenda mjini kuwaaga wenzako, ukaondoka ukipiga mluzi. Kijana aliyemwacha mama yake bila paa anapiga mluzi! Nimekaa hapa uani nikiusikiliza mpaka ukapotea kwenye mihogo, nikamaliza kwanza shughuli yangu moja, ndipo nikaingia kutafuta kalamu.

Naandika kwa sababu kusema na wewe kumenishinda. Nikipaza sauti unatabasamu. Nikinyamaza unadhani nimekubali. Nikikuuliza neno unanijibu, "Sawa, mayu," kwa ile sauti unayomtulizia ng'ombe anayekamuliwa. Sasa barua huwezi kuiambia sawa, mayu. Nitaitia sandukuni chini ya mashati, utaikuta ukitafuta shati la kuingilia kazini huko Mwanza. Chakula cha njiani kitakuwa kapuni. Habari za kufua na kula na kulala sikuandikii, umekuwa mtu mzima, si ndivyo unavyojiona? Mimi nina neno la paa tu.

Nilikwenda Nzega kwa dada yako Kalunde kwa kuwa alikuwa anajifungua. Kabla sijaondoka tulikaa hapa hapa uani, mimi, wewe na shangazi yako Nyamizi, tukazungumza. Wewe ulisema tembe letu la paa la udongo limekwisha, udongo wote ushushwe, tuezeke mabati. Mimi nikasema tutoe boriti zilizoliwa na mchwa, tutie mpya, juu tuweke nyasi na udongo wa kichuguu kama ilivyofanywa siku zote. Shangazi yako akasema yeye anasikiliza. Shauri halikukatwa. Nilisema kwa kinywa changu, tutalimaliza nikirudi. Ulinijibu nini? Sawa, mayu.

Nikarudi. Lori likanishusha barabarani, nikaja kwa miguu na kapu kichwani, nina furaha ya mjukuu, natunga njiani jinsi nitakavyowasimulia. Nikaitazama nyumba kwa mbali nikaona mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu. Yesu wangu! Nilidhani ni moto. Nikakimbia, mzee mzima, kapu linacheza kichwani, nafika uani nakukuta umesimama meno nje, vumbi mpaka kwenye nyusi, mabati yameegemezwa ukutani yananichoma macho.

"Karibu, mayu! Nilitaka ukute kazi imeanza."

Na fundi Rajabu, yule wa mjini, amekaa juu ya ukuta wangu ananing'iniza miguu. Akanisalimia kwa adabu zote, "Za safari, mama?" Nikamwuliza, "Fundi, nani amekuita hapa?" Akasema, "Mwenye nyumba." Nikamwuliza mwenye nyumba ndiye nani. Maskini, akakutazama wewe, akanitazama mimi, akaanza kuchagua misumari. Shangazi yako alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, hasemi, na mimi ninamjua, akinyamaza hivyo ameumia.

Hebu nikukumbushe ulichokuwa unakikata, maana inaelekea shule imekufuta kichwa. Tembe hili alilijenga babu wa baba yako siku za misafara, wapagazi wakipita hapa na pembe za ndovu mabegani. Upande wa magharibi ulianguka kabla hujazaliwa. Umebaki wetu wa mashariki na wa shangazi yako wa kaskazini, na paa lake ni moja. Linazunguka pembe ambapo pande hizo mbili zinakutana, bila kukatika. Boriti za pale pembeni zinalala nusu kwetu, nusu kwake. Ukiweka msumeno kwetu umeuweka kwake. Hilo hata kuku wa nyumba hii wanalijua, maana wanapandia kwake wanashukia kwangu.

Mimi nilipoletwa hapa kutoka Ziba nilikuwa sijawahi kulala katika nyumba ambayo watu wanatembea juu yake. Kwetu ni misonge ya nyasi, juu ya kichwa chako kuna nyasi na ndege basi. Asubuhi ya kwanza nasikia hatua juu ya kitanda, nikapiga yowe la kuamsha kijiji. Kumbe ni wifi yangu, amepanda kuanika mtama. Vumbi lote kwenye uji. Nikatoka nikamwambia. Akanijibu kutoka huko juu, mikono kiunoni, kwamba mtama ulikuwa ukianikwa pale kabla mama yangu hajazaliwa, na kama uji wangu unaogopa vumbi niufunike. Bibi harusi wa siku moja! Tukaanza hapo. Tumegombana juu ya kuku, juu ya maji, juu ya ubatizo wangu, juu yako wewe, maana ukikohoa alikuwa anakulambisha asali kwa siri na mimi nimekataza.

Habari ya paa la togwa unaijua, nani Kwihara haijui. Mwaka ule nilikuwa nimebatizwa karibuni, nawaka dini kuliko mchungaji mwenyewe, na paa la nyumba nzima lilikuwa linafanywa upya. Udongo wa tembe hauwekwi ukaachwa, unakanyagwa. Watu wanapanda, wake kwa waume, wanajipanga mstari, wanaimba na kukanyaga kwa miguu mpaka udongo unashikana. Na watu wa kukanyaga paa hupewa pombe, ndiyo ada yake. Mimi nikasema upande wangu pombe haipikwi. Nikapika togwa, tamu, nzito, mitungi imefurika. Watu wakapanda kwangu, wakaimba wimbo mmoja, wakaonja togwa yangu, wakatazamana, wakashuka wakisema jua limekuwa kali. Kwa shangazi yako, aliyepika pombe ya mtama bila kuomba ruhusa ya mtu, walikanyaga mpaka mbalamwezi. Kwake hakukuwahi kuvuja. Kwangu kulianza kuvuja mwaka ule ule, na wifi yangu kila mvua ikianza ananiuliza, kwa upole kabisa, kama togwa imekwisha kuchacha.

Usicheke. Sijutii, wala sitajuta mbele yako. Ila baba yako, Mungu amrehemu, hakusema kitu. Mvua ikianza aliinuka akavuta kitanda mpaka pasipovuja. Mwaka wa pili pakavuja hapo, akakivuta tena. Kitanda kile kimezunguka chumba chote. Wewe ulikuwa unalala umekumbatia sufuria ya kukingia maji. Nilimkasirikia sana baba yako kwa ule ukimya, nilitaka anigombeze, aniambie wewe mwanamke na togwa yako umetuponza. Nilidhani mtu asiyekugombeza amekudharau. Tangu tumzike nalifikiria neno hilo, na bado sijui kama nilikuwa na haki.

Na mabati pia wewe umeyapata kwangu, nalijua hilo, usinifanye mjinga. Ulipokuwa mdogo tukitoka kanisani nilikuwa nakugeuza kichwa ulitazame paa la kanisa. Nakwambia, unaona? Hivyo ndivyo wanavyolala watu waliosoma. Mvua ikinyesha katikati ya ibada mchungaji hasikiki, na mimi hata ile kelele naiona raha. Nikifika nyumbani natazama udongo wangu nasonya. Mtoto akimwona mama yake anasonya kila siku ataamini kuna kitu kibaya hapo. Kumbe mwenyewe sikujua nasonya nini. Kuna siku nilisonya vumbi, kuna siku nilimsonya wifi, kuna siku nilikuwa nimechoka tu.

Sasa ngoja nikwambie neno lililonifanya nikose usingizi, na si mabati. Ni siku ile niliporudi. Nilipokwisha kupiga kelele nikaishiwa sauti, ulikaa karibu nami ukanishika bega, ukasema, "Mayu, si afadhali? Sasa kila mtu na paa lake. Hamtagombana tena na shangazi." Nilitaka kukupiga na mwiko. Nani alikuambia nataka kutengana naye? Nilikutuma? Lini?

Wewe ulikuwa mtoto, ulituona tu tukipanda kila kiangazi kuziba nyufa kabla ya mvua, ukasikia kelele. Ufa ulikuwa unaanzia kwangu unaishia kwake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuziba peke yake. Tulikuwa tunapiga magoti kule juu, mikono imejaa udongo, tunagombana kuanzia asubuhi, na tukishuka jioni tumekwisha kuzungumza mambo ya mwaka mzima. Ni kule juu alikoniambia kwamba alizaa, na kwamba hakuna mtoto aliyekaa duniani. Huku chini hajaniambia hata siku moja. Mimi nami kuna mambo ya baba yako niliyomwambia yeye kule juu ambayo mchungaji hatayasikia. Halafu tunateremka ngazi, tunaanza tena habari za kuku.

Umenisikia miaka yote nikilalamika ukadhani umesikia ninachotaka. Mtu anayelalamika hajakuomba kitu, Maganga. Huko uendako utakuwa na wakubwa na wadogo kazini, utakuwa na mke siku moja, watalalamika kutwa mpaka kichwa kikuume. Kaa chini umwulize, unataka nifanye nini? Na usubiri jibu, hata kama jibu lenyewe ni matusi. Tena tafadhali sana, usimfanyie mtu wema akiwa safarini. Mimi nilipika togwa bila kuwauliza watu watakaokanyaga, kwa hiyo ninalijua ninalolisema, na bado nina hasira na wewe.

Basi mvua ya kwanza ikaja kabla fundi hajapigilia hata bati moja. Maji yakaingilia pembe uliyoikata, yakapita chini ya udongo wa shangazi yako, na alfajiri pembe nzima ikashuka. Udongo, nyasi, fito, vyote juu ya vyungu vyake na mbegu zake za karanga. Yeye alikuwa uani anawasha moto. Angekuwa bado amelala, leo nisingekuwa naandika habari ya paa. Ukaja ukatazama, ukakuna kichwa, ukasema, "Ni pembe tu, shangazi." Akainama akaanza kuokota karanga kwenye tope, moja moja, na wewe ukaenda kunywa uji. Sijawahi kuona haya kwa ajili yako kama nilivyoona asubuhi ile. Nimekulea mimi, kwa hiyo aibu ni yangu.

Halafu ukaitwa Mwanza, kwenye kazi ya pamba, na ghafla haraka yote ya paa ikakuisha.

Neno linalofuata litaniuma kuliandika, kwa hiyo lisome mara moja tu. Kuhusu paa lenyewe ulikuwa na haki. Zile boriti ulizozishusha nimezipasua mwenyewe kwa shoka kufanya kuni, na ndani zimebaki unga mtupu. Hata zingekuwa nzima, nani angekanyaga udongo juu yake? Vijana wako Tanga kwenye mkonge, wako Mwanza, wako wapi sijui. Waliobaki hawajui zile nyimbo, na wanaozijua magoti yamekwisha. Nilipokuwa nasema tutengeneze la zamani nilikuwa najidanganya, na shangazi yako alijua, ndiyo maana alikuwa anasikiliza tu. Tembe limekwisha. Umefurahi? Nimeiandika kwa mkono wangu. Lakini kuwa na haki hakukukupa ruhusa ya kupanda na shoka juu ya nyumba wanayolala watu wawili, mmoja yuko Nzega na mwingine hujamwuliza.

Mabati yanatosha upande mmoja. Fundi Rajabu amepima, nikamwambia apime tena, akapima tena akaapa, "Wallahi mama, upande mmoja." Na jana jioni, mdomo umejaa ugali, ukasema, "Fundi atamalizia upande wetu. Wa shangazi tutauona mwakani." Shangazi yako amekaa pale pale mbele yako. Mchuzi uliokuwa unachovya ameupika yeye. Mwakani! Pembe imeshafunguka, mvua hazijaanza hata vizuri, ikifika Krismasi upande wote utakuwa chini. Yeye hana mwana wa kumletea mabati. Alikuwa anakuhesabu wewe. Akaosha kidole kimoja kimoja, akasema ameshiba, akaingia kulala kwenye kile chumba chenye tundu.

Upande wetu, ulisema. Nimeligeuza neno hilo usiku kucha, nikajua la kufanya.

Leo ulipokwenda na mluzi wako nilimfuata shangazi yako. Alikuwa anaanika zile karanga kwenye ungo, zimeshaanza kuota.

Nikamwambia, "Wifi, mabati yanakuja kwako."

"Sitaki huruma ya mtu."

"Nani ana huruma hapa? Na mimi nitalala wapi? Nahamia kwako."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe unakoroma."

"Na wewe unaota kwa sauti."

"Kitanda chako hakipiti mlangoni."

"Kitakatwa miguu."

Akaendelea na karanga zake, mimi nimesimama juani kama mtu anayeomba kazi. Kisha akasema upande wa ukutani ni wake, na asisikie neno. Nikamwambia aulalie huo ukuta mpaka uchoke.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Fundi nimeshampelekea habari, Jumamosi anaanza. Zile mbao alizozisimamisha kwetu atazing'oa azipeleke kaskazini, pamoja na mabati yote na misumari yote. Upande wetu nauachia mvua: chumba changu, ghala, na kile chumba ulimozaliwa ambacho baba yako alisema ni chako na wanao. Kuta za udongo zisizo na paa hazimalizi msimu. Zikishuka nitapanda maboga, udongo wa nyumba unapatana sana na maboga. Ulikuwa urithi wako, sasa huna. Nimekunyang'anya mimi, mama yako mzazi, bila kukuuliza, ukiwa mjini unaaga rafiki zako. Inauma? Vizuri. Sasa tunaweza kuzungumza kama watu wazima, siku utakapokuwa tayari.

Najua ulitaka mama yako alale pakavu. Najua! Usinunue stempu kuja kunieleza, moyo wako naujua tangu haujafika ukubwa wa embe. Ndiyo maana nina hasira hivi, mtoto wa jirani nisingemwandikia hata mstari. Kesho nitakusindikiza mpaka stesheni, nitakubebea hilo kapu, na sitasema neno, na wewe usinishike bega mbele za watu. Nimekuombea kwa Mungu leo, kwa hasira, nadhani amezoea.

Ukipewa likizo, njoo. Usiende upande wa mashariki kwa mazoea, hapatakuwa na mlango. Piga hodi kaskazini. Mimi nitakuwa ndani, nitakusikia, na sitanyanyuka. Nyumba ni ya shangazi yako. Yeye ndiye atakayekufungulia, na yeye ndiye utakayemwomba mahali pa kulala.

Ni mimi,
mama yako Raheli